Vodka ya Poland si ladha moja

Wanaosema vodka haina ladha wamekosea, na ushahidi uko Poland. Tangu 2013, sheria ya huko inataka kinachoitwa Vodka ya Poland kitokane na viazi au nafaka zilizolimwa nchini humo tu.

Mwonjaji aweke glasi mbili ndogo. Luksusowa, ya viazi, ni nzito na laini ulimini. Belvedere, ya nafaka ya rai, ina ukali wa mbali kama pilipili manga. Kisha Żubrówka: ndani ya chupa umesimama unyasi mmoja mrefu kutoka Białowieża, msitu wa nyati wa Ulaya, na harufu yake ni ya majani makavu na vanila. Kuichanganya na soda ni kuipoteza.

Anayefika Warsaw apite mtaa wa Praga, kwenye makumbusho ya vodka yaliyofunguliwa 2018 katika kiwanda cha zamani cha Koneser.