Yafaa Debaga Nayo Ifanyiwe Mtihani

Muhula huu Chama cha Kompyuta cha shule yetu kimekuwa na ubishi ambao haujakwisha. Tumepewa kazi ya kuandaa majaribio ya debaga, yaani programu inayosaidia kutafuta hitilafu katika programu nyingine, ili tujue kama twaweza kuitegemea. Wenzetu wengi wasema tuijaribu kwa programu zilizotengenezwa kwa ukamilifu, zenye maelezo yote ya ndani. Sisi wachache twasema kwamba hizo hazitoshi, na kwamba nusu ya majaribio yetu yafaa yawe juu ya programu zisizo na maelezo hayo. Mhariri amenipa nafasi nieleze sababu zetu, nami namshukuru.

Kwanza nieleze jambo lenyewe kwa ajili ya wazazi wetu na wanafunzi wasiosoma kompyuta. Mtu anapoandika programu kwa lugha kama C, huandika maneno ambayo binadamu aweza kuyasoma. Kitu kimoja hukiita "jumla", kingine hukiita "bei", na husema kila kimoja ni cha aina gani: namba nzima ndogo, namba nzima kubwa, namba yenye desimali, au herufi. Kisha programu iitwayo kompaila huyageuza maneno hayo yawe maagizo ya mashine, ambayo ni tarakimu tupu. Mtengenezaji akitaka, huiamuru kompaila iambatanishe kitabu cha maelezo kinachosema kwamba jina hili liko mahali hapa, ni la aina hii, na agizo hili limetoka katika mstari wa kumi na mbili. Katika kompaila ya GCC alama ya kuomba kitabu hicho ni -g. Asipokiomba, majina ya sehemu za programu hubaki, lakini aina za vitu na namba za mistari hazimo. Na akiipitisha programu yake katika chombo kiitwacho strip, hata majina hayo hufutwa.

Wenyeji wa huku twaweza kulifikiri jambo hili kwa mfano wa reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na ambayo hupita Makambako. Chukua kipande cha kutoka Mlimba hadi Makambako, chenye milima, madaraja na mahandaki mengi. Tuseme usiku mmoja mtu angeng'oa vibao vyote vya majina ya stesheni. Treni ingekwenda vilevile, kwa kuwa gurudumu halisomi kibao. Lakini abiria angechungulia dirishani asijue amefika wapi, na fundi aliyeitwa kutengeneza njia iliyoharibika asingejua ashukie wapi. Programu isiyo na maelezo ni kama reli hiyo. Hufanya kazi yake sawasawa mpaka siku ile inapoharibika.

Tena programu za namna hii ndizo zilizo nyingi duniani. Kitabu cha maelezo huongeza sana ukubwa wa programu, na wauzaji wengi hawapendi siri zao zijulikane. Kwa hiyo programu tunazozikuta madukani, maofisini na katika simu zetu mara nyingi hazina kitabu hicho.

Sasa nizitazame hoja za wenzetu, maana si hoja za kupuuzwa. Wao wasema hivi: Kwa nini kujitesa gizani? Kama programu haina maelezo, itengenezwe tena kwa alama ya -g, kisha itafutwe hitilafu mchana kweupe. Pili wasema kwamba penye giza hakuna njia ya kujua kama jibu la debaga ni kweli au si kweli, na mtihani usio na majibu ya kusahihishia si mtihani. Tatu wasema kompyuta zetu ni chache, na Kidato cha Nne tunao mtihani wetu wenyewe unaotungoja.

Hoja ya kwanza ni nzuri kwa mtu aliye na maandishi ya asili ya programu. Asiye nayo afanyeje? Hapa nitasimulia habari ya mfanyabiashara mmoja wa mbao huko Makambako, ambaye ni baba mdogo wa mmoja wetu. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja alimwandikia programu ya kuhesabu mbao zinazotoka katika yadi yake. Kijana yule akahama, na kompyuta aliyoandikia ikapotea pamoja na maandishi yote. Ikabaki programu tupu. Ilifanya kazi vizuri kwa muda mrefu, ila biashara ilipokua, mwisho wa mwaka jumla ya mbao ilitokea kuwa namba hasi. Yule mzee akaanza kuwashuku makarani wake, na mmoja alikuwa karibu kufukuzwa kazi. Basi jambo hili si mchezo wa wanafunzi. Mkate wa mtu ulikuwa hatarini kwa sababu ya tarakimu ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma.

Mwalimu wetu aliomba nakala ya programu ile, nasi tukagawanyika makundi mawili. Kundi moja lilitumia kompyuta ya zamani yenye toleo la zamani la debaga iitwayo GDB, na kundi la pili lilitumia toleo jipya. Tuliingiza mbao 120 kwa majaribio, kisha kila kundi likaiuliza debaga yake: "jumla" ni ngapi? Jina hilo lilikuwa limebaki ndani ya programu, lakini aina yake haikuwamo. Debaga ya zamani ilijibu bila kusita kwamba ni 196,728. Debaga mpya haikutaja namba yoyote. Ilisema kwamba aina ya "jumla" haijulikani, na kwamba aulizaye aitaje kwanza.

Wengi walicheka wakisema kwamba ile mpya imeshindwa. Lakini tazameni hesabu. Debaga ya zamani, kwa kuwa haikujua aina, ilijichukulia tu kwamba ni namba nzima ya kawaida yenye biti 32. Kumbe kijana yule aliitengea jumla yake biti 16 tu. Kwa hiyo debaga ilisoma jumla pamoja na jirani yake aliyefuata katika kumbukumbu, na jirani huyo alikuwa na namba 3. Zidisha 3 kwa 65,536 upate 196,608, uongeze 120, utapata 196,728. Jibu lile lilikuwa mchanganyiko wa vitu viwili visivyohusiana, likatolewa kwa sauti ya uhakika.

Kundi la pili, likiwa limeulizwa aina, halikuwa na budi kwenda kuitafuta. Kwa msaada wa Mwalimu walisoma maagizo ya mashine mahali pale jumla inapoongezwa, wakaona kwamba ni biti 16 zinazochukuliwa na biti 16 zinazorudishwa. Walipoiambia debaga hivyo, ilijibu 120. Papo hapo na hitilafu yenyewe ikajulikana, maana namba ya biti 16 yenye alama ya hasi na chanya haiwezi kupita 32,767. Ukiongeza ubao mmoja juu ya hapo, hugeuka kuwa hasi 32,768. Makarani hawakuwa na kosa lolote. Yule mzee sasa hufunga hesabu zake kila robo mwaka huku akingoja programu mpya. Swali la debaga, ambalo wengine waliliona udhaifu, ndilo lililofungua mlango. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba kuuliza si ujinga.

Mabadiliko hayo ya GDB hayakutokea kwa bahati. Debaga hiyo ilianzishwa na Richard Stallman mwaka 1986, na miaka mingi ilikuwa na tabia ile ya kukisia. Katika toleo la 8.1, lililotoka mwaka 2018, watengenezaji wake waliiacha tabia hiyo, na tangu hapo debaga haikubali kujichukulia aina ya kitu isiyoijua. Na katika majaribio yake yenyewe limo moja liitwalo nodebug, ambalo kazi yake ni kuijaribu juu ya programu isiyo na maelezo. Kama watengenezaji wa chombo wenyewe hukijaribu hivyo, sisi tunaotaka kukitegemea tusiogope kufanya vivyo hivyo.

Nije katika hoja ya pili, kwamba gizani hakuna majibu ya kusahihishia. Majibu yapo, tena ni rahisi kuyapata. Tuandike programu fupi sisi wenyewe na kuitengeneza kwa alama ya -g. Kisha tufanye nakala yake, na nakala hiyo tuipitishe katika strip. Maagizo ya mashine katika zote mbili ni yaleyale. Kilichoondoka ni kitabu tu. Basi ile yenye kitabu itakuwa majibu ya mwalimu, na ile isiyo na kitabu itakuwa karatasi ya mtahiniwa. Nakala ya tatu tuitengeneze tangu mwanzo bila -g, ili majina yabaki na aina zisiwemo, kama ilivyokuwa kwa programu ya mbao.

Kila swali tutakaloiuliza debaga, jibu lake tuliweke katika moja ya mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale ambayo debaga hapana budi iyajibu hata bila kitabu, kama vile kusimamisha programu katika anwani iliyotajwa, kuonyesha maagizo ya mashine, kusoma kumbukumbu, na kusimama pale namba fulani inapobadilika. Fungu la pili ni yale ambayo debaga yaweza kuyajibu ikisaidiwa, kama tulivyoisaidia kwa kuitajia biti 16. Fungu la tatu ni yale isiyoweza kuyajua kabisa, kama namba ya mstari katika maandishi ambayo haina. Katika fungu hili la tatu jibu sahihi ni moja tu, nalo ni "sijui". Debaga ikisema sijui, ipewe alama zote. Ikitoa namba, ipewe sifuri, hata kama namba yenyewe yapendeza.

Nadhani hapa ndipo tunapotofautiana hasa na wenzetu. Wao wapima chombo kwa wingi wa majibu yake. Sisi twaona kwamba chombo cha kutafuta makosa kikitoa jibu la kukisia, kimeongeza kosa la pili juu ya lile la kwanza, na la pili ni baya zaidi kwa kuwa limevaa nguo za ukweli. Programu yenye maelezo kamili haiwezi kukufunulia tabia hiyo, maana hapo debaga haina sababu ya kukisia. Ni pale maelezo yanapokosekana ndipo utakapojua kama chombo chako ni mkweli.

Kuhusu uchache wa kompyuta na wa wakati, sikatai. Lakini programu tatu fupi za mistari ishirini hazihitaji zaidi ya Jumamosi mbili, na hesabu za biti tulizofanya kwa ajili ya yadi ya mbao zimetufundisha namba za msingi wa pili kuliko mazoezi mengi ya daftarini.

Tena kuna jambo la nchi yetu la kukumbuka. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Mashine zile ziligharimu fedha nyingi za kigeni, na utaalamu wake ulikuwa mikononi mwa wageni. Marufuku hiyo iliondoka zamani, na leo kompyuta zimejaa hata Njombe. Lakini swali lililo nyuma yake lipo bado: mashine ikiharibika na aliyeitengeneza hayupo, ni nani kati yetu atakayeifungua? Kijana aliyezoea programu zenye vibao tu ataishia kuipigia simu Dar es Salaam.

Mwisho nina ombi kwa wenzangu watakaoandika programu kesho. Kama hamna budi kuondoa maelezo ili programu iwe ndogo, msiyatupe. Wekeni kitabu hicho kando, chenye namba ya utambulisho inayolingana na ile iliyomo ndani ya programu, ili siku ya shida vikutanishwe. Chombo cha strip huondoa maelezo katika faili lilelile linalopewa, kwa hiyo fanyeni nakala kwanza, na ile ya asili muihifadhi. Kijana yule wa Makambako angalimwachia mzee kitabu katika bahasha, karani asingalilala siku nyingi na hofu.

Kamati ya Chama itakutana kabla ya kufunga shule. Naomba wajumbe waamue kwamba nusu ya majaribio yafanywe bila maelezo, na kwamba "sijui" ihesabiwe kuwa jibu. Walimu wetu nawaomba watuongezee Jumamosi hizo mbili. Na wazazi wenye programu zinazowasumbua, ambazo watengenezaji wake hawapatikani, nawaomba watuletee nakala. Hatuahidi kuzitengeneza zote, ila tutawaambia wazi lile tulilolijua na lile tusilolijua.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne