ASIYEKUWEPO NA LAKE HALIPO

Sisi makarani wa machimbo ndio tunaoandika majina katika vitabu vya mishahara. Kwa hiyo tunajua: kampuni ikivunjwa au ikiuzwa, mashine huhesabiwa kwanza, watu mwisho.

Wazee wa Butembo wanaikumbuka MGL, iliyochimba dhahabu upande wetu. Mwaka 1976 iliunganishwa na kampuni zingine za Kivu na Maniema, ikazaliwa SOMINKI. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka ulimwenguni, na baadaye wenye hisa kubwa wakataka kujitoa. Banro ya Kanada ikazinunua hisa hizo mwaka 1996. Mwaka uliofuata SOMINKI ikafungwa, SAKIMA ikasimama mahali pake.

Mwaka 1998 Rais Laurent-Désiré Kabila aliwanyang'anya machimbo. Banro ikaenda Washington kwa wasuluhishi. Mwaka 2000 wakajibu kwamba kesi hiyo si yao kuikata. Hata hivyo, mwaka 2002 Serikali ilipatana nayo: Banro ikachukua dhahabu, Serikali ikabaki na SAKIMA na bati yake. Kwa nini, na kesi haikushindwa? Mwaka ule ule nchi, ikisaidiwa na Banki ya Dunia, ilitunga sheria mpya ya machimbo ili kuwavuta wenye mitaji. Mwenye kuomba mkopo hagombani na tajiri.

Basi tuseme wazi: kampuni haigawanywi na bei ya soko peke yake. Inagawanywa na waliokaa mezani: mabanki, wadai, wanasheria, mawaziri. Mfanyakazi wa SOMINKI hakuwa na kiti, ndiyo maana wengi wamezeeka wakidai hesabu yao ya mwisho. Na kule Gécamines, mwaka 2003, Banki ya Dunia ilipotoa fedha ili watu zaidi ya 10,000 waache kazi, iliitwa kuondoka kwa hiari. Hiari gani ya mtu aliyekaa miezi na miezi bila mshahara?

Tunadai hivi. Kwanza, machimbo yakiuzwa, deni la wafanyakazi liandikwe ndani ya mkataba, mbele ya deni la banki. Pili, sendika iitwe kabla ya sahihi, si baada yake. Tatu, wewe ndugu, tunza karatasi zako za mshahara. Kitabu cha ofisi kikipotea, karatasi yako itasema.

Walio mezani hawatatukumbuka kwa huruma. Tusipokwenda kukaa nao, tutaandikwa mwisho tena.