Barafu ya Kibo Bado Ina Majina ya Wageni

Wapo wasemao kwamba barafu ya Kilimanjaro haituhusu sisi wa Sepuka. Limeni uwele na alizeti, wasema, ngojeni mvua yenu, mlima waachieni Wachagga. Maneno hayo hatuyakubali hata kidogo. Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na Mwenge kileleni mwaka 1961, hakuwashia Moshi peke yake. Alituwashia sote.

Kilele kile Bwana Hans Meyer alikiita kwa jina la Kaisari wake, Wilhelm, mwaka 1889. Sisi tukakiita Uhuru. Je, kazi ilikwisha pale? Fungua ramani, ndugu msomaji, uitazame barafu inayovuta wageni kutoka ng'ambo na kamera zao: Furtwängler, Rebmann, Kersten, Decken, Credner, Drygalski. Huyo Furtwängler alipanda mwaka 1912. Drygalski sifa yake ni safari ya Ncha ya Kusini! Wachagga waliombebea Meyer mizigo, hata mmoja hayumo katika orodha hiyo.

Twaambiwa jina halijazi tumbo. Kama jina si kitu, mbona Meyer alilitoa palepale juu, kabla hata hajashuka? Tena akachukua na jiwe la kileleni, akampelekea Kaisari. Wengine wanahofu watalii watapotea njia. Tulipolifuta jina la Wilhelm, nani aliyepotea? Mgeni analipa fedha yake aione Kilimanjaro, si Credner.

Liko na jambo zito zaidi ya majina. Mwaka 2000 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walitoboa barafu ile, wakatoa vipande sita virefu mfano wa nguzo. Humo wamesoma habari za mvua na ukame wa miaka zaidi ya 11,000, kwa hesabu yao. Hatuwachukii. Elimu hiyo twaitaka sana, maana huku kwetu mvua ikikosa, ghala ni tupu. Lakini kijana wa Singida akitaka kuisoma barafu hiyo, nauli ya Ohio ataipata wapi?

Na wakati hautungoji. Mwaka 1912 barafu ya Kibo ilikuwa kilometa za mraba zipatazo 11. Mwaka 2011 hazikufika 2. UNESCO ilisema mwaka 2022 kwamba huenda ikaisha yote kabla ya 2050.

Kwa hiyo twawataka wabunge wetu walisimamie jambo hili Bungeni: vyuo vyetu vipate sehemu ya barafu iliyochukuliwa, na mafungu yaliyobaki mlimani yapewe majina ya nchi hii yangali yapo. Wazee wa Kichagga waulizwe kwanza, kwani Kibo na Mawenzi ni majina yao, na hakuna Mjerumani aliyeweza kuyafuta.