Kwa nini nimekataa kuandika programu ya kaunta isiyo na keshia

Najua nimepotea. Kazi zilinibana, na mwenye kublogu naye hula. Leo nimerudi na jambo ambalo limeninyima usingizi kwa wiki mbili, na nimeona afadhali niwatwike nanyi kidogo.

Nina mteja wangu wa siku nyingi, mzee mmoja mwenye supamaketi mbili za wastani kule Nakuru. Programu yake ya mauzo niliiandika mimi, na kila mwezi hunilipa kidogo cha kuitunza. Juzijuzi alikwenda London kwa mahafali ya bintiye. Hata kabla hajapumzika safari, akanipigia simu.

"Kijana wangu, huko nimeona maajabu! Watu wanajihudumia wenyewe. Unapitisha kitu chako kwenye mashine, unalipa, unaenda. Keshia hayupo! Wewe si ndiwe mtu wa tarakilishi? Niwekee nne, mbili kila duka. Niambie tu ni pesa ngapi."

Pesa zenyewe hazikuwa haba. Zingemaliza karo ya watoto ya mwaka mzima na chenji ikabaki. Nikaandika makisio, nikayafuta, nikayaandika tena. Jana usiku nikamwandikia kwamba sitaifanya kazi hiyo. Ngoja niwaeleze sababu, kwa maana najua wengine wenu ni watengenezaji programu kama mimi na ombi kama hili litawafikia.

Mwaka 2019 nilimpeleka mama Uingereza kumwona dada yangu, ambaye ni muuguzi mjini Leeds. Siku ya tatu tukaenda supamaketi ya mtaani. Mama alikuwa na kiondo chake, kile asichoachana nacho. Foleni ya keshia ilikuwa ndefu, nami kwa kujidai mtaalamu nikampeleka kwenye mashine. "Pitisha mwenyewe, mama. Ni rahisi."

Akapitisha mkate. Mashine ikalia pii! Akatabasamu kama mtoto. Kisha akaweka kiondo mahali pa mifuko ili autie mkate ndani. Mashine ikapaza sauti kwamba kuna kitu kisichotarajiwa. Akakiondoa. Ikapaza sauti tena, safari hii ikimtaka arudishe bidhaa. Taa ya juu ikawa nyekundu na watu wakageuka kututazama. Binti mmoja mfanyakazi akaja, akachungulia ndani ya kiondo kwa adabu zake zote, akagusisha kadi kwenye mashine, akaenda zake. Mambo yote hayo hayakuchukua hata dakika moja.

Tulipotoka nje mama akaniuliza, "Kwani wamedhani nimeiba?"

Nikamweleza habari ya mizani, na jinsi programu inavyolinganisha uzito. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kwa hivyo ndiyo."

Mwezi mzima aliokaa Leeds hakuigusa tena mashine ile. Alikuwa radhi kusimama kwenye foleni ya keshia hata kama mbele yake kuna watu kumi.

Sasa kwa wale ambao hawajawahi kuiona mashine hiyo kwa ndani, mama alikuwa amesema kweli. Sehemu ile ya kuwekea mifuko ni mizani. Katika hifadhidata ya duka kila bidhaa ina bei yake na uzito wake. Ukipitisha mkate wa gramu 400, mashine inangojea mizani iongezeke karibu gramu 400. Ikiongezeka zaidi, huenda umetia kitu ambacho hukukipitisha. Isipoongezeka, huenda kitu kimeingia mfukoni mwako. Mtu akija na mfuko wake mwenyewe, inambidi aiambie mashine kwanza. Kwa mtengenezaji programu huu ni ukaguzi wa kawaida kabisa. Kwa anayesimama mbele yake, ni mashine inayoanza na dhana kwamba yeye ni mwizi mpaka uzito uthibitishe vingine.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba watu huzichukia mashine hizi kwa kuwa wanaogopa teknolojia. Mama yangu amekuwa akituma pesa kwa M-Pesa karibu tangu huduma hiyo ianze mwaka 2007. Haogopi kubonyeza. Anachokataa ni kufanya kazi ya duka bila malipo, halafu duka limshuku kwa jinsi alivyoifanya.

Wapo watakaonijibu kwamba haya ni mambo ya kuzoea tu. Watanikumbusha kwamba zamani mnunuzi hakushika bidhaa hata kidogo. Ulisimama mbele ya kaunta ukamtajia mwenye duka, naye akakuletea, kama tunavyofanya hadi leo kwenye kile kiduka cha mtaani chenye nondo: "Nipe sukari nusu kilo na kiberiti." Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua duka lake la Piggly Wiggly mjini Memphis, Marekani, akawaacha wateja wapite katikati ya rafu wakichagua wenyewe. Leo dunia nzima inanunua hivyo. Kisha mwaka 1974, katika supamaketi moja ya mji wa Troy, jimbo la Ohio, msimbo pau, yaani ile mistari myeusi ya kwenye pakiti, uliskaniwa kwa mara ya kwanza dukani. Bidhaa yenyewe ilikuwa pakiti ya chingamu. Mashine za kujihudumia zilifuata Marekani katika miaka ya 1980. Kwa hivyo, wanasema, hii ni hatua moja tu zaidi.

Nakubaliana na historia hiyo, ila naomba tuangalie nani alipata nini. Saunders alimpa mnunuzi kitu: alishika bidhaa kwa mkono wake, akalinganisha bei, akachukua anachotaka bila kumsubiri mtu. Msimbo pau nao ulifupisha foleni, na keshia hakuhitaji tena kuchapa kila bei kwa vidole. Sasa mashine ya kujihudumia inampa nini mnunuzi? Bei ya unga ni ileile. Kazi ya keshia ameifanya yeye. Na akikosea, taa inawaka nyekundu mbele za watu.

Tena dhana yenyewe inazaa matunda yake. Emmeline Taylor, mtaalamu wa uhalifu kule Uingereza, ameandika kuhusu wateja wa kawaida kabisa, wasioweza kuiba popote pengine, ambao kwenye mashine huipima avokado na kuiambia mashine kwamba ni karoti, kwa kuwa karoti ni rahisi. Nilicheka niliposoma hayo. Pengine avokado zenyewe zimetoka kwetu Murang'a, zikasafiri hadi Ulaya ili zikageuzwe karoti! Lakini ukifikiri utaona jambo. Keshia anapokutazama machoni na kukusalimu, ni vigumu kumdanganya. Mashine iliyokwisha kukuhesabu kuwa mwizi haikupi haya.

Maduka yenyewe yameanza kuyaona haya. Novemba 2023 Booths, supamaketi za kaskazini mwa Uingereza, zilitangaza kwamba zinaziondoa mashine hizo katika maduka yote isipokuwa 2 kati ya 28. Machi 2024 Target ya Marekani iliamua kwamba katika maduka yake mengi mashine hizo ni za mwenye bidhaa zisizozidi 10. Mwaka huohuo Dollar General iliziondoa katika maelfu ya maduka yake, ikilalamikia bidhaa zinazopotea. Na kule Uholanzi, kampuni ya Jumbo ilianzisha mwaka 2019 kaunta ya mazungumzo, ambapo keshia haharakishi na mteja mpweke anaweza kupiga soga huku anahudumiwa. Hebu fikirieni: kuna nchi ambako foleni ya polepole imekuwa huduma.

Msinielewe visivyo, sisemi mashine hizi hazina wapenzi. Mimi mwenyewe, nikiwa na chupa moja ya maji mkononi, nazipenda. Wapo wasiotaka kusemeshwa na mtu baada ya zamu ndefu. Wapo wanaonunua vitu ambavyo hawapendi keshia avione. Dada yangu, akitoka zamu ya usiku, huenda moja kwa moja kwenye mashine. Ila angalia jambo hili: anayeipenda ni yule mwenye vitu vichache, asiye na mtoto mgongoni, asiye na kiondo. Na anaipenda kwa sababu keshia bado yupo pale pembeni, kwa hivyo mashine ni hiari. Ukiiondoa hiari, upendo nao unaondoka.

Turudi Nakuru. Kabla ya kumjibu mzee nilikwenda kwenye duka lake Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, nikasimama karibu na kaunta nikiwa na saa mkononi. Nilitaka kuona foleni inakwama wapi. Haikwami kwenye skana! Keshia wake anapitisha bidhaa kwa kasi kama mtu anayemenya njegere, na kijana wa kupakia anazipokea na kuzitia mfukoni kabla hazijapoa. Mboga zimekwisha kupimwa kule ndani na kubandikwa karatasi yenye msimbo wake. Foleni inakwama kwenye malipo. Mteja anaingiza nambari ya duka, kiasi na PIN, halafu wote wawili wanangoja ujumbe. Simu ya duka haijalia. Mteja anaonyesha ujumbe wake, keshia hawezi kuuamini, anamwita msimamizi. Msimamizi yuko stoo. Watu wa nyuma wanaguna.

Sasa weka mashine mahali pa keshia. Mteja atasimama mbele yake akingojea ujumbe uleule, kwa mtandao uleule, ila hapatakuwa na mtu wa kumwambia, "Imeingia, mama, nenda tu." Tungekuwa tumetibu mguu ilhali jino ndilo linalouma.

Na kuna ile dhana tena. Mnunuzi wetu Kenya tayari anashukiwa mara mbili. Akiingia anaacha mkoba wake mlangoni, anapewa kibao chenye nambari. Akitoka bawabu anaangalia risiti na kuchungulia mfuko. Amezoea, na bawabu angalau humsalimu na kumwuliza habari za watoto. Kumwongezea mzani unaopiga kelele ni kumshuku mara ya tatu, tena baada ya kumfanyisha kazi.

Kuhusu makeshia na vijana wa kupakia, mzee aliniapia kwamba hatamfuta mtu kazi, nami namwamini. Lakini najua pia hesabu. Mashine nne zikishalipiwa, kila mwisho wa mwezi atazitazama, kisha atatazama orodha ya mishahara. Sikutaka mkono wangu uwe katika hesabu hiyo kwa ajili ya foleni ambayo hata haitapungua.

Basi nilichomwandikia ni hiki. Kwanza, nipe nusu ya pesa hizo, nami niiunganishe programu ya mauzo na M-Pesa kupitia Daraja, ile API yao. Keshia ataingiza nambari ya simu ya mteja, mteja ataona ombi kwenye simu yake na kuweka PIN tu, na malipo yakikubaliwa risiti itajitoa yenyewe. Hakuna kumwita msimamizi stoo. Pili, tenga kaunta moja kwa wenye bidhaa chache, yenye keshia. Tatu, kama bado unazitaka mashine, anza na moja tu, usiifunge mizani, na usipunguze keshia hata mmoja mpaka uone wateja wenyewe wanakwenda wapi. Miguu ya wateja itakupa jibu lililo bora kuliko langu.

Leo asubuhi amenijibu kwa ujumbe mfupi: "Nimesoma. Mashine nitatafuta kijana mwingine aniandikie. Lakini hiyo ya M-Pesa njoo Jumatatu."

Kwa hivyo sijashinda. Pengine mwaka ujao kutakuwa na taa nyekundu Nakuru, na atakayeiandika programu yake ni mmoja wenu mnaosoma hapa. Nikikuomba jambo moja, ni hili: kabla hujaandika ule mstari unaolinganisha uzito, mfikirie mtu mmoja unayemheshimu akisimama pale na kiondo chake. Halafu amua taa iwake rangi gani, na mbele ya nani.

Nyinyi mwaonaje? Ukikuta keshia na mashine vimekaa bega kwa bega, unakwenda wapi, na kwa nini? Niambieni, nami Jumatatu nikifika Nakuru nitampelekea mzee majibu yenu.