Bunia: Nyumba ni ya mwenye parsele, lakini mlango ni wa mpangaji

Mvua ikinyesha usiku, wapangaji wengi wa Bunia wanajua kazi yao: kusogeza matela, kuweka sufuria mahali manjanja yanavuja, na kungoja kuche. Asubuhi wanaambia mwenye nyumba. Jibu linajulikana: «Kama haikupendeze, hama.» Na siku ya kulipa ikipita kidogo, kuko wenye nyumba ambao wanafungua na ufunguo wa pili na kuingia, hata kama watu hawako ndani.

Mambo haya mawili yana mzizi mumoja. Wengi wanafikiri kama mwenye parsele anabaki na amri yote, hata kisha kupokea garanti. Sheria ya Kongo haiseme vile.

Katiba ya 2006, kifungu cha 29, inasema makao ya mtu hayavunjwe. Inalinda mwenye kuishi ndani, hata kama parsele si yake. Mwenye nyumba anaweza kuomba kuona ukuta wenye kupasuka. Lakini anapiga hodi, na wanapatana siku.

Juu ya matengenezo, sheria ya mikataba ya tarehe 30 mwezi wa 7, 1888, inaomba mwenye nyumba atunze nyumba na aache mpangaji akae kwa amani. Vitu vidogo vya kila siku viko juu ya mpangaji, pamoja na vile alivyoharibu yeye mwenyewe. Manjanja yenye kuzeeka, ukuta wenye kuanguka, ni mzigo wa mwenye nyumba. Sheria ya tarehe 31 mwezi wa 12, 2015, inaongeza: kontra iandikwe, na garanti ya nyumba ya kulala isipite miezi 3.

Sasa juu ya nini watu wananyamaza? Vita vya Djugu na Irumu vimeleta watu wengi mjini. Mmoja akitoka asubuhi, mwingine anaweza kuingia magaribi. Pia kuko wenye nyumba ambao hawana kazi ingine. Feza ya nyumba ndiyo chakula na minerval ya watoto, na ya kununua manjanja mapya haipatikane haraka.

Wapangaji wengine wanakasirika na kuacha kulipa. Ni mtego. Siku ya kesi, mwenye haki anageuka mwenye deni. Njia bora ni kulipa na kushika risiti, kupiga picha ya uharibifu, kuomba matengenezo kwa barua na kubaki na kopi. Ikishindikana, kuko biro ya serikali ya Habitat kwa upatanisho, kisha tribunali ya amani.

Lakini karatasi yenye nguvu zaidi ni ile ya kwanza: hali ya nyumba, chumba kwa chumba, na sinyatire za wote wawili. Iandikwe mbele ya kutoa garanti. Siku ile mwenye nyumba angali anatafuta mpangaji, na anasikiliza.