Ukingo wa Naivasha Uachiwe Mafunjo

Mgeni anayekuja kulala katika hoteli ya kando ya Ziwa Naivasha halipii kitanda na chakula pekee. Analipia kuamshwa alfajiri na mlio wa furukombe, kupakiwa kwenye boti baada ya kifungua kinywa akawatazame viboko, kushushwa Crescent Island atembee kwa miguu kati ya twiga, nyumbu na punda milia bila kuhofia simba, kisha kurudi kunywa chai ya alasiri kwenye nyasi, mbega wakiruka matawini kama wafanyavyo kule Elsamere, nyumba aliyoishi mwandishi Joy Adamson. Ukiichunguza orodha hiyo utaona kwamba karibu kila kilichomo kinategemea ule ukanda mwembamba ambapo nchi kavu hukutana na maji. Na ukanda huo ndio ambao kwa miaka mingi umekuwa ukifyekwa mafunjo, ukipandwa nyasi za bustani, ukizungushiwa ua na kujengwa vyumba, ili mgeni ayaone maji akiwa bado kitandani. Hoja ninayoitetea hapa ni moja: hoteli zote za ziwa hili zirudi nyuma, ukingo uachiwe mafunjo, wanyama na njia za wenyeji, na jambo hilo liwe sharti la leseni badala ya kuachiwa hiari ya mwenye hoteli.

Tazama jinsi burudani inayopendwa kuliko zote majini inavyofanyika. Mwendesha boti huwa na samaki wadogo kwenye ndoo. Huchukua mmoja, humtia kipande cha bua jepesi ili asizame, humwinua juu aonekane, kisha hupiga mbinja kuelekea mti ambao furukombe ametua. Kamera zikishakuwa tayari, samaki hurushwa. Ndege hujiachia kutoka tawini, huja chini chini juu ya maji, hunyoosha kucha na kumnyakua samaki kwa mkupuo mmoja, naye mgeni huondoka na picha ya kuwaonyesha watu kwao. Mambo hayo humalizika kwa muda mfupi mno, lakini hesabu vitu vinavyohitajika hapo. Samaki amekulia kwenye maji ya kina kifupi, mahali mimea inapomficha asiliwe angali mdogo. Bua hukatwa ukingoni. Ndege anahitaji mgunga mrefu ulio karibu na maji, tena anahitaji maji maang'avu kiasi cha kumwona samaki akiwa juu. Ondoa ukingo, na hata mchezo huu wa kuwaburudisha watalii unakwisha.

Sababu ya pili ni umbile la ziwa lenyewe. Naivasha liko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari na halina mto unaotoka, ila maji yake hupenya ardhini na kwenda zake chini kwa chini. Ndiyo maana yamebaki kuwa matamu ilhali majirani zake wengi wa Bonde la Ufa, kama Nakuru, Elmenteita na Bogoria, ni ya magadi. Ni ziwa la kina kifupi, wastani wa mita sita hivi, na fuo zake katika sehemu nyingi ni tambarare. Mvua ikikolea katika vyanzo vya mito ya Malewa na Gilgil, maji yakipanda hata mita moja tu humeza eneo kubwa la ardhi. Ukame ukija, eneo hilo hilo hubaki wazi. Ukame wa 2009 uliyashusha maji sana. Kufikia 2020 yalikuwa yamepanda mno hadi nyumba za mtaa wa Kihoto zikafurika, familia zikahama, na baadhi ya hoteli zikapoteza bustani, gati na vyumba. Maziwa ya Baringo na Nakuru nayo yalifurika wakati huo huo, na ripoti ya serikali ya 2021 ilitaja mvua kubwa, matumizi mabaya ya ardhi katika vyanzo vya maji na misukosuko ya ardhi ya Bonde la Ufa miongoni mwa sababu. Hakuna aliyepaswa kushangaa. Tangu mwaka 1933 kulikuwa na makubaliano kwamba ardhi inayofichuka maji yanapopungua itaweza kutumiwa na wenye mashamba ya jirani, lakini isijengwe majengo ya kudumu. Watu wa wakati ule, pamoja na makosa yote ya utawala wa kikoloni, waliliona ziwa likienda na kurudi, wakaelewa.

Mafunjo yana kazi ambayo hakuna mtambo wa hoteli unaoweza kuifanya kwa gharama ile ile, yaani bure. Malewa huteremka kutoka Nyandarua ukiwa umebeba udongo wa mashamba na mbolea iliyosombwa na mvua. Unapoingia kwenye kinamasi cha kaskazini mwa ziwa, mafunjo huupunguza kasi, udongo hutua, na mbolea huliwa na mizizi kabla ya kufika kwenye maji ya wazi. Pembezoni mwa ziwa, mafunjo hayo hayo huvunja nguvu ya mawimbi na kuzuia ufuo usimegeke. Eneo la mafunjo limepungua sana tangu miaka ya 1960, kwa kufyekwa, kwa kuliwa na ng'ombe na nyati, na kwa maji kushuka yakayaacha makavu. Wakati huo huo ziwa limevamiwa na wageni wa aina nyingine: kamba wa maji matamu kutoka Louisiana walioletwa 1970 wakamaliza mimea ya chini ya maji, na gugumaji lililofika mwishoni mwa miaka ya 1980, ambalo hushamiri palipo na mbolea nyingi. Ziwa hili limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu 1995, na zaidi ya spishi 350 za ndege zimeonekana hapa. Hoteli zinapenda sana kuiandika idadi hiyo kwenye vipeperushi vyake. Zingepaswa pia kutuambia zimeacha mita ngapi za ufuo kwa ajili ya ndege hao.

Kisha kuna kiboko, na hapa suala linakuwa la uhai wa watu. Kiboko hushinda majini na kutoka usiku kula nyasi, na hupita njia zile zile alizozizoea. Hoteli ikifyeka mafunjo na kupanda nyasi laini zinazomwagiliwa mwaka mzima, imemwandalia malisho mlangoni mwa chumba cha mgeni. Ndiyo sababu jioni askari mwenye tochi humsindikiza kila mgeni kutoka mezani hadi mlangoni kwake. Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko kwenye ufuo wa ziwa hili na mwenzake akajeruhiwa, na dunia nzima ikapata habari. Wavuvi wa hapa hushambuliwa pia, na wao hawana askari wala tochi. Kila ua unaojengwa kuziba njia ya kiboko mahali fulani humfanya atafute pengine pa kutokea, na mara nyingi pengine hapo ni kwa watu wasioweza kujenga ua.

Watu hao ndio wanaosahaulika zaidi tunapozungumzia ziwa kama mandhari. Ukifuata barabara ya Moi South Lake, unaweza kwenda mwendo mrefu ukiwa umeambaa na maji usiyoweza kuyafikia. Upande wa ziwa ni ua, lango, ua, lango. Wavuvi na umma wamebakiwa na fuo chache tu, kama Karagita na Kamere. Wafugaji wa Kimaasai, ambao mababu zao waliwanywesha ng'ombe hapa kabla ya hatimiliki ya kwanza kuandikwa, hutegemea vijia vichache ambavyo kila kukicha vinabanwa. Mwaka 2001 samaki walipopungua mno, uvuvi ulifungwa kwa mwaka mzima. Hoteli ziliendelea kupokea wageni. Waliokosa kipato ni wavuvi na kina mama wachuuzi wa samaki. Mazalio ya samaki yakiharibiwa kwa ajili ya mandhari ya kitandani, hasara inalipwa na mtu ambaye hajawahi kulala kwenye kitanda hicho.

Najua nitajibiwa kwamba adui mkubwa wa Naivasha ni mashamba ya maua, na kuibana hoteli yenye vyumba ishirini ni kumwonea mdogo. Ni kweli mashamba hayo yananyonya maji mengi na yametumia kemikali nyingi tangu biashara hiyo iliposhamiri miaka ya 1980, nayo yanapaswa kubanwa bila huruma. Lakini kosa la jirani halimpi mtu ruhusa ya lake. Isitoshe, shamba la maua linaweza kufunika mawaridi yake kwa plastiki na kuchimba kisima. Haliuzi ndege wala viboko. Hoteli inauza ziwa lenyewe. Yeyote anayeishi kwa kuuza kitu ana wajibu wa kwanza wa kutokimaliza, na mwenye hoteli akiuacha ukingo wake salama atakuwa na sauti nzito zaidi atakapomlaumu mwenye shamba.

Hoja ya ajira ni nzito kuliko hiyo, kwa sababu vijana wengi wa Naivasha wanaishi kwa kazi za upishi, usafi, ulinzi, uendeshaji boti na uongozaji watalii. Lakini kurudisha jengo nyuma hakufuti kazi hata moja kati ya hizo. Mpishi atapika hata jiko likiwa mbali kidogo na maji. Kinachobadilika ni namna mgeni anavyofika ziwani: badala ya kutoka chumbani moja kwa moja hadi ufuoni, atapita kwenye kijia cha mbao kilichoinuliwa juu ya mafunjo, akiongozwa na kijana anayejua tofauti ya mdiria na mnandi. Hilo linaongeza kazi, tena kazi yenye ujuzi. Na kama inadaiwa mgeni hatakubali, basi tukumbuke kwamba wageni wale wale huendesha baiskeli kwenye vumbi la hifadhi ya Hell's Gate na kufurahi. Mtu aliyesafiri ili kuyaona maumbile hahitaji kuondolewa maumbile hayo mbele ya dirisha lake.

Wenye hatimiliki watasema ardhi ni yao hadi majini. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 62, inayaweka maziwa na mito katika ardhi ya umma, na kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Ugomvi wa kweli ni wapi ziwa linaishia, maana linasogea. Hapo ndipo uamuzi unapohitajika, na wakati unazidi kuyoyoma. Maji yamepanda na kuwaondoa watu na majengo kwa nguvu ambayo hakuna ofisi ya serikali iliyowahi kuwa nayo. Siku yatakapopungua, kama yalivyopungua kila mara, ardhi tambarare yenye rutuba itafichuka, na walio na fedha watakuwa wa kwanza kuikimbilia na vigingi. Kaunti ya Nakuru na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, wanaweza kuweka alama sasa hivi mahali maji yalipofikia miaka hii, na kutangaza kwamba chini ya alama hizo hakutatolewa kibali cha jengo la kudumu, wala leseni ya hoteli haitafanywa upya kwa anayefyeka mafunjo au kuziba kijia cha ng'ombe na wavuvi. Vyumba vilivyozama visikarabatiwe pale pale. Anayetaka kuweka hema za msimu aziweke, mradi aziondoe maji yakirudi.