Mafundi cherehani Dar: Oda zipo kibao, hela inaishia wapi?

Pita Kariakoo, Sinza, Kinondoni au Mbagala wiki mbili kabla ya Iddi au Krismasi. Mafundi cherehani wamezidiwa. Vitenge vimejaa kwenye mifuko, kila mfuko una karatasi yenye jina na vipimo, na simu haziachi kuita.

Kwa haraka haraka unaweza kudhani kazi hii inalipa sana. Lakini fundi huyohuyo, ikifika Februari, anaweza kumaliza siku kadhaa bila oda ya maana. Wakati huohuo wapo wabunifu mtandaoni wanaouza gauni moja kwa bei ambayo fundi anaipata kwa kushona nguo nne au tano.

Wateja wapo. Shida ni jinsi hela inavyogawanywa, na nani anabeba hasara mambo yakiharibika.

Soko ambalo mitumba haijaliua

Dar ni jiji la shughuli. Harusi moja tu inazaa oda nyingi: sare za kamati, kitchen party, send-off, ndugu wa bwana harusi, ndugu wa bibi harusi. Kila upande unataka kitambaa chake na mshono wake.

Mitumba imekuwa ikilaumiwa kwa miaka mingi. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliazimia kuiondoa sokoni ifikapo 2019. Marekani ikaja juu na kutishia kuziondolea nafuu ya AGOA. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza nafuu hiyo ya kuingia Marekani bila ushuru.

Lakini mitumba inashindana zaidi na nguo za kila siku: suruali, shati, tisheti. Sare za watu 30 wa ukoo mmoja, kitambaa kimoja, huwezi kuzipata kwenye belo.

Mshindani anayemsumbua fundi zaidi sasa ni gauni lililo tayari, linalotoka Uturuki au China na kuuzwa Kariakoo. Mteja anajaribu, analipa, anaondoka nalo. Hakuna habari za "njoo kesho".

"Njoo kesho" inatoka wapi?

Ni rahisi kusema mafundi ni waongo. Ukiangalia hesabu zao, picha inabadilika.

Msimu ukifika, fundi hawezi kukataa oda, kwa sababu anajua miezi mikavu inakuja. Anapokea nguo nyingi kuliko mikono yake. Advansi anayopewa inaenda kwenye kodi ya fremu, chakula, ada ya mtoto na deni la uzi na zipu. Nguo haijakatwa, hela imeshaisha.

Ili amalizie nguo ya mteja wa kwanza, anahitaji advansi ya mteja wa pili. Mmoja akichelewa kulipa, foleni yote inasimama.

Weka na umeme hapo. Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, cherehani ya kupiga kwa mguu ingeweza kuendelea. Ovaloki ya umeme na pasi haziwezi. Nguo inashonwa, lakini haimaliziki.

Jina la mbunifu, mkono wa fundi

Swahili Fashion Week, iliyoanzishwa na Mustafa Hassanali mwaka 2008, iliwapa wabunifu jukwaa la kuonyesha kazi zao. Baadaye Instagram ikafungua mlango mwingine: kijana anaweza kuwa na lebo yake bila kuwa na duka.

Wengi wa wabunifu hawa wa kujitegemea hawana kiwanda. Wanachora, wanachagua kitambaa, wanapiga picha, wanatafuta mteja. Kushona wanampa fundi wa mtaani, kwa malipo ya kila nguo.

Tuchukulie mfano wa hesabu tu. Gauni linauzwa Sh150,000. Kitambaa na vifaa Sh50,000. Fundi Sh30,000. Mbunifu anabaki na Sh70,000.

Hiyo si faida yote. Humo kuna picha, bando, bodaboda wa kupeleka mzigo, na nguo iliyorudishwa kwa sababu haikukaa vizuri. Hata hivyo, ile picha inaendelea kumletea mbunifu wateja wapya. Malipo ya fundi yanaishia siku ileile.

Mbunifu naye ana maumivu yake. Mteja anapiga picha ya skrini, anaipeleka kwa fundi mwingine: "Nishonee kama hii." Ukisajili alama ya biashara BRELA, unalinda jina lako. Humzuii mtu kukata mkono wa gauni kama ulivyokata wewe.

Kwa hiyo mbunifu hawezi kuishi kwa mshono peke yake, maana utaigwa ndani ya wiki. Anachoweza kuuza ni vipimo sahihi, umaliziaji safi na nguo kufika kwa wakati. Vyote vitatu viko mikononi mwa fundi. Mbunifu anayembana fundi wake kwenye malipo anabomoa kitu pekee ambacho mshindani hawezi kukipiga picha.

Kitambaa nacho

Tanzania inalima pamba, hasa Simiyu na Shinyanga, lakini sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa ghafi. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968, kiliwahi kuwa jina kubwa mjini. Leo kitenge kingi sokoni kinatoka nje.

Maana yake dola ikiadimika, kama ilivyokuwa 2023 na 2024, kitambaa kinapanda. Mteja anakuwa na bajeti ileile. Kinachopunguzwa ni hela ya ufundi, kwa sababu bei ya dukani haina mjadala mrefu lakini ya fundi inaweza kuombwa ishuke.

Nini kinaweza kubadilika

Baadhi ya mambo hayahitaji kusubiri sera:

- Oda iandikwe, hata kwa WhatsApp: tarehe, bei, vipimo na picha ya mshono.
- Hela ya kitambaa itengwe na ya ufundi. Ufundi ulipwe kwa awamu: wakati wa kukata, kujaribu na kuchukua.
- Mbunifu awe na mafundi wachache wa kudumu, wenye uhakika wa kazi hata miezi mikavu.
- Mafunzo ya ushonaji, kama yale ya VETA, yatilie mkazo pia kupanga bei na kupanga foleni ya oda.

Haya yana gharama. Nguo itapanda kidogo, na mteja atakayepandishiwa bei halafu bado akaambiwa "njoo kesho" ataenda kununua gauni la Uturuki. Ndiyo maana muda lazima urekebishwe kabla ya bei.

Mteja naye ana sehemu yake. Anayepeleka kitambaa siku nne kabla ya harusi, akalipa nusu na kutaka punguzo, naye anaiongeza hiyo foleni anayoilalamikia.